Fahamu: Hewa ukaa ya kampuni ya ujenzi hutoka wapi?

Skanska, kampuni kubwa ya ujenzi ya Sweden, ilianza mwaka 1887 ikitengeneza bidhaa za saruji, na saruji ni kati ya vyanzo vikuu vya hewa ukaa yake. Inalenga kuwa ifikapo 2045, mwaka uleule ambao bunge la Sweden limeuwekea nchi nzima lengo kama hilo, hewa ukaa inayobaki isizidi inayoondolewa angani.

Mafuta ya mitambo yake na umeme inaonunua ni sehemu ndogo ya hewa ukaa hiyo. Hapo imeahidi kupunguza asilimia 70 kufikia 2030, ikilinganishwa na 2015. Sehemu kubwa ni ya wanaoiuzia saruji na chuma. Kampuni isiyoihesabu sehemu hiyo haijaeleza lolote la maana.

Ugumu wenyewe umo katika tanuri la saruji. Zaidi ya nusu ya hewa ukaa ya saruji haitokani na makaa wala gesi: mawe ya chokaa huitoa yenyewe yanapochomwa, hata kwa umeme wa jua. Ndiyo maana sehemu ya klinka, yaani kile kinachotoka tanurini na kusagwa kuwa saruji, hubadilishwa kwa masalia ya viwanda vya chuma. Zege la saruji hiyo hukawia kukomaa, hasa kwenye baridi, hivyo ratiba ya ujenzi nayo hubadilika.