Kabla ya kununua kompyuta iliyotumika

Oktoba 14, 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, mfumo endeshi uliotoka mwaka 2015. Kompyuta haizimiki, ila mianya mipya ya usalama haizibwi, na wezi wa mtandaoni hupitia humo kufikia hesabu za biashara.

Mfanyabiashara afanye nini? Windows 11 inahitaji RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64, chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa iliyomo katika orodha ya Microsoft. Mashine ikikidhi, kuhamia ni bure. Isipokidhi, Linux nayo ni bure, lakini hakikisha kwanza kuwa programu yako ya mahesabu inafanya kazi humo. Muuzaji aulizwe hayo kabla hujatoa fedha.