Mama, Bangi Si Imeruhusiwa?

Siku hizi mama wa Kikristo anaweza kuulizwa swali ambalo mama zetu hawakuulizwa. Zamani kijana aliyevuta bangi alijificha, maana alijua anatenda kosa. Kijana wa leo anaweza kukutazama machoni akasema, "Lakini mama, Marekani na Kanada si imeruhusiwa? Ingekuwa mbaya wangeiruhusu?" Ukikosa jibu utanyamaza, au utakasirika. Kwa vyovyote vile, kijana ataondoka akiamini kwamba ameshinda.

Mama msomaji, jibu lipo. Tuanze na hiyo sheria yenyewe.

SHERIA ILIRUHUSU NINI?

Ni kweli kwamba mambo yamebadilika. Mwaka 2012 wapiga kura wa majimbo ya Colorado na Washington, huko Marekani, waliamua watu wazima waruhusiwe kutumia bangi kwa starehe. Uruguay ilipitisha sheria yake mwaka 2013. Kanada ilifuata Oktoba 2018, na mwaka huo huo Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua kwamba mtu mzima anayeitumia faraghani asishtakiwe. Ujerumani ililegeza sheria Aprili 2024. Hapa Kenya, mgombea urais George Wajackoyah aliahidi mwaka 2022 kuihalalisha. Hakupata hata kura moja katika kila mia, lakini watoto wetu walimsikia.

Sasa angalia neno linalorudiwa: mtu mzima. Katika Colorado na Washington, duka haliruhusiwi kumwuzia starehe hiyo mtu aliye chini ya miaka 21. Kanada umri ni miaka 18, 19 au 21, kutegemea mkoa. Ujerumani ni miaka 18. Basi kijana wa miaka 15 anayeitaja Kanada anataja nchi ambayo nayo ingemkatalia.

Wengine husema, "Lakini ni dawa." Lesotho mwaka 2017, Malawi mwaka 2020 na Rwanda mwaka 2021 ziliruhusu kilimo cha bangi kwa ajili ya dawa. Hiyo ni biashara ya leseni na maabara. Haimhusu mwanafunzi anayevuta nyuma ya bweni. Kenya na Tanzania bado zinaikataza, na kijana akikamatwa nayo anaweza kujiharibia masomo na kazi.

UBONGO AMBAO BADO UNAJENGWA

Umri huo haukuwekwa bure. Ubongo wa binadamu huendelea kukomaa mpaka miaka 25 hivi, na sehemu ya mbele, inayotusaidia kupima mambo na kujizuia, hukomaa mwisho. Kemikali ya bangi inayolevya huitwa THC. Kuuingizia ubongo wa kijana THC mara kwa mara ni kama kukanyaga sakafu ya saruji kabla haijakauka. Alama yaweza kubaki.

Nchini Sweden watafiti waliwafuatilia vijana zaidi ya 45,000 walioandikishwa jeshini mwaka 1969 na 1970. Matokeo yalitolewa mwaka 1987. Waliokuwa wamevuta bangi zaidi ya mara 50 kabla ya kuandikishwa walipatwa na ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia mara sita zaidi ya wale ambao hawakuvuta. Watafiti walipozingatia matatizo mengine waliyokuwa nayo vijana hao tangu awali, tofauti hiyo ilipungua, lakini haikutoweka.

Si kila anayevuta huugua; wengi hawaugui. Lakini hatari ni kubwa zaidi kwa kijana ambaye katika ukoo wake kuna mgonjwa wa akili. Mama, wewe ndiwe unayeujua ukoo wako. Usimfiche mwanao jambo hili kwa sababu ya aibu.

Kisha kuna kunaswa. Wataalamu wa Marekani wamekadiria kwamba katika kila watu 9 wanaotumia bangi, mmoja hushindwa kuiacha. Kwa wale wanaoanza wakiwa vijana, ni mmoja katika kila 6.

Tena bangi yenyewe imeongezeka ukali. Katika ile iliyokamatwa na maofisa Marekani mwaka 1995, THC ilikuwa kama asilimia 4. Mwaka 2021 ilikuwa asilimia 15. Siku hizi pia huchanganywa katika keki, biskuti na peremende, ambazo hazitoi moshi wa kumfichua mtu. Mlaji anaweza kukaa nusu saa au hata saa mbili bila kusikia kitu, kwa hiyo huongeza kipande kingine. Ikija, huja yote pamoja: moyo kwenda mbio, hofu kuu, kutapika.

DALILI ZA KUANGALIA

Macho mekundu, njaa ya ghafla, kusahausahau, alama za shule kushuka, pesa ndogo ndogo kupotea nyumbani, ubani kuchomwa chumbani bila sababu, marafiki wapya ambao hataki uwaone. Dalili moja peke yake si ushahidi. Huzuni na maradhi pia humbadilisha kijana.

UFANYE NINI?

Usizungumze naye akiwa amelewa. Ngoja kesho, mkiwa wawili tu. Uliza kabla ya kuhubiri: "Mwanangu, ulianza lini? Inakusaidia nini?" Huenda ukasikia habari za kukosa usingizi, au ugomvi wenu wazazi. Hapo ndipo pa kuanzia.

Mpe jibu la sheria kama ulivyolisoma hapa. Kisha mweleze jinsi Mtume Paulo alivyowajibu Wakorintho waliojivunia uhuru wao: jambo laweza kuwa halali na bado lisimfae mtu.

Mshirikishe baba yake. Kama hayupo, mtafute mjomba au mzee wa kanisa ambaye kijana anamwamini. Lakini usilipeleke jina lake kwenye kikundi cha akina mama kama ombi la maombi bila yeye kukubali. Siri ikitoka, hatakuambia nyingine.

Akianza kusikia sauti, kushuku kila mtu au kukesha usiku kucha, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Usimfunge kamba, wala usingoje mkesha wa Ijumaa. Maombi na daktari havigombani. Walio Kenya wanaweza pia kupiga simu ya bure ya NACADA, namba 1192, wapate ushauri.

Na kama wa kwako bado ana miaka 10 au 11, zungumza naye sasa, mkichambua mboga au mkitoka kanisani, kabla mwingine hajamweleza. Asikie kwako mapema kwamba akikosea, mlango wa nyumbani hautafungwa. Baba wa mwana mpotevu alimwona mwanawe angali mbali kwa sababu hakuacha kuitazama njia.