Sufuri moja yaweza kugharimu shilingi 648: Namna mzazi anavyoweza kumsaidia mtoto kuzidisha

Mama mboga anayeuza mafungu 24 ya sukuma wiki kwa shilingi 35 kila fungu anapaswa kufunga siku akiwa na shilingi 840. Mwanafunzi wa Gredi ya 4 akipewa hesabu hiyo, 24 × 35, kisha asahau kuandika sufuri moja tu, atapata 192. Tofauti ni shilingi 648.

Ukikagua daftari la mwanafunzi huyo, utaona kwamba anajua kuzidisha. Ameandika 24 × 5 = 120, kisha 24 × 3 = 72, halafu akajumlisha 120 na 72. Kila hatua ni sahihi. Alichokosea ni nafasi ya tarakimu: ile 3 iliyo katika 35 si tatu, ni thelathini.

Kosa hili ni la kawaida, na mtoto anayelifanya si mzembe. Hatari ni pale anapowekewa alama ya mkasi bila kuelezwa alipopotea. Kuanzia Gredi ya 4 hadi ya 6, nambari za kuzidisha huongezeka tarakimu kila mwaka, na mwishoni mwa Gredi ya 6 mwanafunzi hufanya tathmini ya kitaifa ya KPSEA. Pengo dogo lisipozibwa mapema hukua pamoja na mtoto, hadi aanze kusema Hisabati si somo lake.

Anza na shamba

Njia rahisi ya kuonyesha nafasi ya tarakimu ni kuchora. Chukua mfano wa bustani yenye mistari 24 ya miche ya kabeji, kila mstari ukiwa na miche 35. Mtoto achore mstatili kwenye karatasi, au hata mchangani kwa kijiti. Upande wa 24 augawe mara mbili, 20 na 4. Upande wa 35 augawe pia, 30 na 5. Bustani sasa ina vipande vinne:

• 20 × 30 = 600
• 20 × 5 = 100
• 4 × 30 = 120
• 4 × 5 = 20

Jumla ni miche 840, na hakuna kipande kilichosahaulika.

Baada ya hapo, mtoto aifanye hesabu ile ile kwa njia ya kupanga nambari wima kama shuleni. Mstari wa kwanza, 24 × 5, unatoa 120. Hivyo ni vile vipande viwili vya 100 na 20. Mstari wa pili, 24 × 30, unatoa 720, yaani 600 na 120. Hapo anaona kwamba sufuri ya mstari wa pili haikuwekwa kwa sababu mwalimu amesema tu. Ipo kwa sababu anazidisha kwa makumi.

Kuzidisha makumi nako kunahitaji mazoezi. Wakazi wengi wanaijua ploti ya futi 50 kwa 100. Tano mara moja ni tano, lakini makumi yakizidishwa kwa mamia huwa maelfu, kwa hivyo ploti hiyo ina futi mraba 5,000.

Kosa la kubeba

Kosa jingine hutokea wakati wa kubeba. Katika 47 × 6, mtoto huanza na 7 × 6 = 42, huandika 2 na kubeba 4. Hatua inayofuata ni 4 × 6 = 24, kisha kuongeza ile 4 aliyobeba, apate 28. Jibu ni 282. Wengine hujumlisha kwanza, 4 na 4 ikawa 8, kisha wakazidisha kwa 6 na kupata 48. Jibu lao huwa 482.

Makosa yote mawili hunaswa kwa kukadiria kabla ya kuanza. 47 inakaribia 50, na 50 × 6 ni 300, kwa hivyo 482 haiwezekani. Vivyo hivyo, 20 × 30 ni 600, kwa hivyo 24 × 35 haiwezi kuwa 192. Mtoto aliyezoea kukadiria hujisahihisha mwenyewe, na ukubwani si rahisi kupunjwa sokoni.

Asiyeijua jedwali la kuzidisha

Wapo wanaoelewa hatua zote lakini wanakwama kwenye 7 × 8. Hao waanze na jedwali la 2, la 5 na la 10, kisha watumie wanachokijua kufikia wasichokijua. Mara 8 ni kuongeza maradufu mara tatu: 7 huwa 14, 14 huwa 28, na 28 huwa 56. Pia wakumbushwe kwamba 7 × 8 na 8 × 7 ni kitu kimoja, jambo linalopunguza karibu nusu ya kazi ya kukariri.

Msingi huanzia chekechea

Chini ya Katiba ya mwaka wa 2010, shule za msingi ziko chini ya serikali ya kitaifa, nazo kaunti zinasimamia elimu ya chekechea. Huko ndiko uelewa wa makumi unakoanza, mtoto anapohesabu vifuniko vya soda au mbegu za maharagwe na kuzipanga katika mafungu ya kumi kumi.

Wazazi na walezi wanahimizwa kutenga dakika 10 hivi jioni kwa hesabu moja au mbili. Hakuna haja ya kununua vitabu vya ziada. Bei za dukani na treya za mayai 30 zinatosha. Ingawa shuleni Hisabati hufundishwa kwa Kiingereza kuanzia Gredi ya 4, mzazi anaweza kueleza kwa lugha yoyote inayozungumzwa nyumbani.

Muhimu zaidi, mtoto aulizwe, "Umepataje?" hata pale jibu lake ni sahihi. Akieleza hatua zake, mzazi ataona mara moja kama ile 3 bado ni tatu, au sasa imekuwa thelathini.