Sahihi Kubwa ya John Hancock

Katika hati ya Tangazo la Uhuru wa Marekani, iliyoandikwa kwa mkono juu ya ngozi mwaka 1776, zimo sahihi za watu 56. Na mtazamaji ye yote, awe anajua kusoma Kiingereza au hajui, jicho lake hutua kwanza juu ya moja tu. John Hancock, rais wa baraza lililowakutanisha wajumbe wa makoloni, aliliandika jina lake katikati, juu ya wenziwe wote, kwa herufi nene zenye madaha na mapambo ya wino chini yake, likaenea urefu wa sentimita 12 hivi. Kwa ajili hiyo, hata leo karani wa Marekani akimtaka mtu atie sahihi aghalabu humwambia, kwa mzaha, aweke John Hancock yake.

Wapenda hadithi husema kwamba alikusudia Mfalme George wa Tatu wa Uingereza alisome jina hilo bila ya haja ya miwani. Ni hadithi tamu, wala sina moyo wa kumlaumu aliyeitunga. Walakini haina shahidi wa zama zile, na mwenendo wa mambo yenyewe waikanusha. Hati ile ya ngozi haikupelekwa London, bali ilibaki mikononi mwa baraza. Hancock, kwa hadhi ya urais wake, alikuwa na nafasi tupu mbele yake, pasipo jina la mtu mwingine wa kumbana. Fauka ya hayo, barua zake nyingine zina mkono uo huo, mpana na wa kujionyesha, kwani alikuwa mtu wa kupenda mavazi ya fahari na magari ya farasi ya kifalme.

Alizaliwa mwaka 1737 huko Massachusetts, mwana wa mchungaji. Na babaye alipofariki akalelewa na ami yake, Thomas Hancock, tajiri wa Boston, ambaye kwa kufa kwake mwaka 1764 alimwachia biashara kubwa ya ng'ambo. Miaka minne baadaye maofisa wa forodha waliikamata merikebu yake, Liberty, kwa shutuma ya mvinyo ulioshushwa pasipo kulipiwa ushuru. Mashtaka dhidi yake yaliachwa, bali merikebu hakurudishiwa, na tangu hapo jina lake likawa mashuhuri katika vinywa vya wapinzani wa serikali. Mwezi wa Juni 1775 Jenerali Thomas Gage wa Uingereza alipotangaza msamaha kwa kila atakayeweka silaha chini, aliwatenga watu wawili wasiupate: Samuel Adams na Hancock. Basi mtu aliyekwisha kunyimwa msamaha kwa jina, angalificha nini tena kwa kuandika herufi ndogo?

Wengi hudhani kwamba wajumbe wote walitia sahihi tarehe 4 Julai. Kura ya uhuru ilipigwa tarehe 2. Maneno ya tangazo yakakubaliwa tarehe 4. Amri ya kuyanakili juu ya ngozi ikatoka tarehe 19. Na sahihi nyingi zikatiwa tarehe 2 Agosti. Katika sahihi hizo mimi huvutwa zaidi na ile ya Stephen Hopkins wa Rhode Island, mzee wa miaka 69 mwenye maradhi ya kutetemeka, ambaye mistari ya jina lake yapinda na kuyumba.

Hatari aliyoikabili Hancock yaonekana dhahiri zaidi katika karatasi nyingine. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Julai, mpiga chapa wa Philadelphia, John Dunlap, alilichapa tangazo hilo ili lipelekwe kwa makoloni na kwa majeshi. Na chini yake palikuwa na majina mawili tu, la Hancock kwa niaba ya baraza, na la katibu Charles Thomson kama shahidi. Maneno hayo yalifika London mwezi wa Agosti na kutolewa magazetini. Ikiwa Mfalme George aliliona jina la Hancock chini ya tangazo hilo, bila shaka aliliona kwa herufi za risasi za mpiga chapa, zisizo na madaha yo yote. Ilhali majina ya wengine, ambao kwa sheria ya Uingereza walistahili adhabu ya wahaini, yalikuwa bado hayajatangazwa.

Yalitangazwa Januari 1777, baraza likiwa limehamia Baltimore kwa kuyakimbia majeshi ya Uingereza. Kazi ya kuyachapa ilipewa mwanamke, Mary Katherine Goddard, mpiga chapa na msimamizi wa posta wa mji huo, ambaye kwa desturi alijitambulisha kwa herufi za mwanzo, M. K. Goddard. Safari hii, chini ya orodha ya wahaini hao, alilipanga jina lake kamili.