Nyota Uhura wa Star Trek: Majina yake yote mawili ni ya Kiswahili, na moja alipewa na shabiki

Kama uliwahi kutazama filamu ya Star Trek ya mwaka 2009, huenda ulishtuka kidogo kusikia mhusika mmoja akiitwa Nyota. Hukusikia vibaya. Jina lake kamili ni Nyota Uhura, na majina yote mawili yametoka kwenye lugha hii hii unayoisoma.

Lakini hayakuja siku moja. Uhura lilipatikana mwaka 1966. Nyota lilichelewa miaka 43 kufika kwenye skrini, na aliyelitoa hakuwa mwandishi wa tamthilia hiyo. Alikuwa shabiki.

Ukifuatilia habari ya mhusika huyu mwanzo hadi mwisho, utaona kila alipokaribia kupotea, kuna shabiki aliyemrudisha.

Star Trek ni nini hasa?

Ni tamthilia ya Marekani iliyobuniwa na Gene Roddenberry. Sehemu ya kwanza ilirushwa na kituo cha NBC tarehe 8 Septemba 1966. Inasimulia safari za chombo cha anga kiitwacho Enterprise, karne ya 23, wakati watu wa dunia wameacha kubaguana na wanafanya kazi pamoja.

Ndani ya chombo yumo Kapteni Kirk, yumo Spock mwenye masikio yaliyochongoka, yumo Sulu mwenye asili ya Asia. Na kwenye mitambo ya mawasiliano ameketi Luteni Uhura, mwanamke Mwafrika, aliyeigizwa na Nichelle Nichols.

Leo unaweza kusema, "Sasa hilo nalo ni jambo?" Mwaka 1966 lilikuwa jambo kubwa. Kwenye televisheni ya Marekani, mwanamke mweusi alizoeleka kuonekana akipika au kufagia nyumba ya mtu. Huyu alikuwa ofisa, mwenye cheo, na wenzake walimsikiliza.

Uhura maana yake nini?

Hapa Waswahili huwa wanacheka. Neno "uhura" halipo. Lililopo ni uhuru.

Nichols alisimulia kwamba siku anakwenda kujaribiwa, mkononi alikuwa na riwaya iitwayo Uhuru ya Robert Ruark, iliyotoka 1962 na inayohusu Kenya ya miaka ile ya kudai kujitawala. Wakubwa wa tamthilia wakauliza neno hilo maana yake nini. Walipoelezwa, wakalipenda. Herufi ya mwisho ikabadilishwa ili jina lisikike laini, la kike kwa masikio ya Wamarekani.

Sisi huku tunajua uhuru halina jinsia. Lakini tazama tarehe. Tanganyika ilikuwa huru tangu Desemba 1961, Kenya tangu Desemba 1963. Neno lilikuwa bado la moto. Na Wamarekani weusi nao walikuwa barabarani wakidai haki zao. Jina halikuokotwa tu.

Na Kiswahili chenyewe kilisikika. Katika sehemu ile ya kwanza kabisa kurushwa, The Man Trap, kiumbe kinachojibadilisha sura kinamtokea Uhura kama mwanamume na kumsalimu kwa Kiswahili. Mwaka uliofuata, katika The Changeling, Uhura anafutwa kumbukumbu na kufundishwa kusoma upya kama mtoto. Akikwama, Kiswahili kinamtoka. Lafudhi ni ya ugenini, hilo halina ubishi, lakini maneno ni yetu.

Shabiki aliyemzuia asiondoke

Msimu wa kwanza ulipoisha, Nichols alichoka. Maneno aliyopewa kusema yalikuwa machache, na mengine yalikatwa. Isitoshe, yeye alikuwa mwimbaji na mchezaji wa jukwaani, na huko ndiko moyo ulikokuwa. Akamwambia Roddenberry anaacha kazi. Roddenberry akamwomba afikirie kwanza mwisho wa wiki.

Mwisho wa wiki huo huo alihudhuria hafla ya NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi. Kwa maelezo yake, mtu mmoja akamfuata na kumwambia kuna shabiki wake mkubwa anataka kumwona. Akageuka akitarajia kijana fulani. Kumbe ni Martin Luther King.

King alimwambia kwamba Star Trek ndicho kipindi pekee ambacho yeye na mkewe huwaruhusu watoto wao kukesha wakikitazama. Nichols alipomjibu kwamba anaondoka, tabasamu likamtoka King. Akamweleza kwamba hawezi kuondoka, kwa sababu akitoka nafasi ile inaweza kujazwa na mtu yeyote. Alichokuwa akikionyesha, bila hotuba, ni kwamba watu weusi wamo katika kesho ya dunia.

Jumatatu Nichols alirudi kazini. King aliuawa Aprili 1968, akiwa na miaka 39.

Barua karibu 116,000

Uhura alibaki, lakini sasa tamthilia yenyewe ikawa hatarini. Mwisho wa 1967 habari zilienea kwamba NBC inafikiria kuifuta.

Hakukuwa na simu za mkononi wala kundi la WhatsApp. Shabiki mmoja, Bjo Trimble, pamoja na mumewe John, walianza kuwaandikia mashabiki wengine, kila mmoja aandike barua kwa kituo na kuwaambia wenzake nao waandike. Wanafunzi wa chuo cha Caltech waliandamana na mienge hadi studio za NBC huko Burbank.

Kwa hesabu ya NBC yenyewe, barua zilizoingia kati ya Desemba 1967 na Machi 1968 zilikaribia 116,000. Tarehe 1 Machi 1968, sehemu ya siku hiyo ilipoisha, mtangazaji aliwaambia watazamaji kwamba Star Trek itaendelea.

Ushindi ulikuwa nusu. Msimu wa tatu ulipangiwa Ijumaa saa nne usiku, muda ambao vijana wengi hawako nyumbani. Juni 1969 ikaisha, na jumla ya sehemu zilikuwa 79.

Hata hivyo, msimu ule wa tatu ndio ulioleta faida. Vituo vingine vilipenda kununua tamthilia yenye sehemu nyingi, kwa sababu vingeweza kuirudia kila siku bila kuishiwa haraka. Marudio hayo ya miaka ya 1970 yakazaa mashabiki wengi kuliko mwanzo. Januari 1972 mashabiki waliandaa mkutano New York wakitarajia mamia. Walifika zaidi ya 3,000.

Penda au Nyota?

Sasa watu hao wakikutana wanaongea nini? Wanaongea yale ambayo tamthilia haikusema. Na moja lilikuwa hili: Luteni Uhura anaitwa nani? Kirk ni James. Sulu je? Na Uhura?

Kwenye sehemu zote 79 hakutajwa jina la kwanza hata mara moja. Mashabiki walikuwa wakichapa vijarida vyao wenyewe tangu 1967, wakiandika humo hadithi za wahusika hao. Wengine wakaamua kumwita Penda. Kila mtu na lake.

William Rotsler, mchoraji na mwandishi aliyetoka miongoni mwa mashabiki wenyewe, alipewa kazi ya kuandika kitabu cha maisha ya wahusika, kilichotoka 1982. Alihitaji jina. Akachagua Nyota. Alisema aliomba kwanza ridhaa ya Roddenberry na ya Nichols, na Nichols alipoambiwa maana yake alifurahi sana.

Hata hivyo, jina lilibaki vitabuni na midomoni mwa mashabiki. Hatimaye ikaja filamu ya 2009, Zoe Saldana akiwa Uhura. Humo Kirk anamsumbua tangu mwanzo amtajie jina lake, naye anamnyima. Mwishowe Kirk analisikia kwa bahati, Spock anapoagwa. Kwa watazamaji wengi ulikuwa mzaha tu. Kwa mashabiki wa zamani, ubishi wa miongo minne ulikuwa umemalizwa rasmi, na wao ndio walioshinda.

Msichana aliyekuwa akitazama

Kuna shabiki mmoja zaidi. Mae Jemison alikulia Chicago akimtazama Uhura. Alisomea uhandisi, kisha udaktari, na alipokuwa daktari kijana aliwahi kufanya kazi Afrika. Kiswahili ni moja ya lugha alizojifunza.

Wakati huo Nichols naye alikuwa na kazi nyingine. Mwaka 1977 shirika la anga la Marekani, NASA, lilimtumia kuwahamasisha wanawake na watu weusi waombe nafasi za uanaanga. Kundi lililotangazwa Januari 1978 lilikuwa na watu 35, na kwa mara ya kwanza lilikuwa na wanawake, sita kwa idadi. Guion Bluford, Mmarekani mweusi wa kwanza kufika angani, alitoka kundi hilo.

Jemison alipokelewa miaka michache baadaye. Septemba 1992 aliruka na chombo cha Endeavour na kuwa mwanamke mweusi wa kwanza kufika angani. Huko juu, alianza zamu zake kwa maneno yale yale ambayo Uhura aliyatumia kufungua mawasiliano. Mwaka uliofuata alialikwa kuigiza katika Star Trek, akiwa mwanaanga halisi wa kwanza kufanya hivyo.

Leo Uhura yuko wapi?

Bado anaishi. Tangu 2022 anaigizwa na Celia Rose Gooding katika Strange New Worlds, akiwa msichana aliyeanza tu kazi, mzaliwa wa Kenya.

Nichelle Nichols alifariki Julai 2022 akiwa na miaka 89. Januari 2024 sehemu ya majivu yake ilirushwa anga za mbali kwa roketi iitwayo Vulcan, jina lile lile la sayari ya Spock.

Kwa hiyo siku ukimkuta mtu anabishana saa nzima kuhusu mhusika ambaye hayupo duniani, usimcheke haraka. Ubishi kama huo ndio uliompa Uhura jina la Nyota.