Maneno 40 ya Kiswahili na Msamiati Mgumu wa Kiingereza

Katika maabara za saikolojia za Marekani, Kiswahili kimefanya kazi ambayo wasemaji wake wengi hawaijui. Mwaka 1994 Thomas Nelson na John Dunlosky walichapisha orodha ya maneno 100 ya Kiswahili na maana zake kwa Kiingereza ili itumike katika majaribio ya kumbukumbu. Lugha yetu iliwafaa: huandikwa kwa herufi wanazozijua Wamarekani, hutamkika bila taabu, na wanafunzi wengi wa kule hawaifahamu kabisa. Kilichogunduliwa kwa maneno kama "mashua" kinamhusu moja kwa moja kijana wa Dodoma au Kisumu anayepambana na Kiingereza kigumu, maana kumbukumbu ya binadamu haichagui lugha.

Jaribio mashuhuri zaidi ni la Jeffrey Karpicke na Henry Roediger, lililochapishwa mwaka 2008 katika jarida la Science. Wanafunzi wa chuo walipewa maneno 40 ya Kiswahili. Walisoma, wakaulizwa, wakasoma tena, wakaulizwa tena. Tofauti ilianza pale mwanafunzi alipolipatia neno kwa mara ya kwanza. Kundi moja liliendelea kulisoma na kuulizwa. La pili liliacha kulisoma ila likaendelea kuulizwa. La tatu liliendelea kulisoma bila kuulizwa tena, na la nne likaachana nalo kabisa. Hadi zoezi linakwisha, makundi yote yalikuwa yameyapatia maneno yote.

Wiki moja baadaye, makundi mawili yaliyoendelea kuulizwa yalikumbuka takriban asilimia 80. Mawili mengine hayakufika hata asilimia 40.

Tazama tena kundi la tatu. Hawa walilirudia neno kwa macho kila mara, kama mwanafunzi anayepitia daftari lake usiku kucha, na bado hawakuwazidi sana wale walioachana nalo kabisa. Kilicholikaza neno ni ile juhudi ya kulitafuta kichwani huku jibu halionekani. La kusikitisha ni kwamba wanafunzi wenyewe hawakulihisi hilo: walipoombwa wakadirie watakumbuka maneno mangapi, makundi yote yalitaja karibu nusu. Orodha ikizoeleka machoni, mtu hujiona ameshaijua. Ndiyo maana daftari la "maneno magumu" lililonakiliwa kwa mwandiko mzuri kutoka kwenye kamusi humpa mwenyewe matumaini makubwa na msaada mdogo. Afunike upande wa maana kwa karatasi, ajiulize, ndipo afunue.

Kujiuliza huko kunahitaji nafasi katikati. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejifanyia majaribio mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, alionyesha mwaka 1885 kwamba usahaulifu huenda kasi mwanzoni kisha hupungua, na kwamba marudio yaliyotawanywa kwa siku kadhaa hushinda yaliyorundikwa siku moja. Ushahidi unaovutia zaidi ulitoka katika familia moja. Harry Bahrick, mkewe na binti zao wawili walijifunza maneno 300 ya lugha za kigeni, wakayarudia kila baada ya siku 14, 28 au 56, kisha wakajipima kwa miaka hadi mitano. Matokeo yao ya mwaka 1993 yalionyesha kuwa vipindi 13 vilivyoachana kwa siku 56 viliwahifadhia maneno karibu sawa na vipindi 26 vilivyoachana kwa siku 14. Nusu ya kazi, mavuno yale yale. Gharama yake ilikuwa kwamba mwanzoni maneno yaliingia polepole kidogo, na hapo ndipo wengi hukata tamaa.

Usingizi nao una kazi yake: mwaka 2007 Nicolas Dumay na Gareth Gaskell walionyesha kuwa maneno mapya huanza kuchangamana na msamiati wa zamani baada ya mtu kulala, na saa hizo hizo zikipita mtu akiwa macho, hali hiyo haionekani.

Lakini maneno yapi? Paul Nation wa New Zealand alikadiria kuwa msomaji anahitaji familia za maneno 8,000 hadi 9,000 ili asome vitabu na magazeti ya Kiingereza bila kusaidiwa, familia moja ikiwa neno pamoja na minyumbuliko yake. Idadi hiyo inatisha. Mwenzake Averil Coxhead alipunguza mzigo mwaka 2000: alichambua maandishi ya kitaaluma yenye maneno milioni 3.5 hivi na kuchagua familia 570 ambazo huchukua takriban asilimia 10 ya maandishi ya aina hiyo. Ni maneno kama "derive", "assume" na "whereas".

Kwa Tanzania hilo ni jambo zito. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali husomeshwa kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza karibu masomo yote yanageuka Kiingereza. "Photosynthesis" haimwangushi sana, kwa kuwa mwalimu huifafanua na kitabu huichorea picha. Kinachomkwamisha ni "derive" ndani ya swali la hisabati, neno ambalo hakuna somo linaloliona kuwa mali yake. Akijifunza familia 10 kila wiki tangu Januari ya kidato cha kwanza, zile 570 zitamalizika Februari ya kidato cha pili, na mtihani wa taifa wa kidato cha nne utakuwa bado uko mbali kwa zaidi ya miaka miwili.