Vigae vya Jalalani Vyageuka Hazina ya Mji

Mozaiki ni sanaa ya kupanga vipande vya vigae, kauri au vioo juu ya saruji mbichi hadi vitoe picha. Raymond Isidore, mkazi wa Chartres nchini Ufaransa, hakufundishwa sanaa hiyo darasani. Mwaka 1938, akiwa matembezini, aliokota vipande vya vyombo vilivyovunjika kwa kuvutiwa na rangi zake. Akaendelea kuvikusanya majalalani na kuvibandika ukutani, kisha kwenye samani, hata cherehani. Kuanzia mwaka 1949 alikuwa mfagiaji wa makaburi; wapo waliombeza, naye hakuacha. Alipofariki mwaka 1964, nyumba yake ilikuwa imepambwa ndani na nje.

Mwaka 1981 mamlaka ya mji iliinunua nyumba hiyo, na leo ni makumbusho.

Ndugu mkazi, si kila sahani iliyovunjika ni ya kutupwa. Anayetaka kujaribu avae glavu, asafishe vipande na kuvipanga vikavu kabla ya kukoroga saruji. Visivyofaa vifungwe vyema, visije vikamjeruhi mzoa taka.